Rezista za Mwalimu Ochwo

Yusufu aliponipigia simu kuniambia kwamba Mwalimu ametutoka, nilimuuliza, "Mwalimu yupi?" ingawa maishani mwangu nimemwita hivyo mtu mmoja tu. Nikasikia malori yakipiga honi nyuma yake huko Busia, kisha akasema mazishi ni Jumamosi, kwao Merikit, na kwamba familia imeomba mmoja wetu aseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi naye. "Nimewaambia ni wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyefika mbali." Nilikata simu nikabaki nimekaa ofisini kwangu, katika mji ambao si kwetu, mbele ya kompyuta iliyojaa michoro ya aina ile ile aliyonifundisha yeye, nikajaribu kuyapanga mambo ya ule mwaka mmoja niliofanya kazi naye Tororo. Hayakupangika. Sasa nina mvi, nina wahandisi wadogo wanaosubiri niwape majibu, na bado siwezi kusema kwa hakika ni nini kilichotokea mwaka ule. Naweza kusema tu nilichokiona, na nilichokifanya.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uhandisi wa umeme ambayo hakuna mtu wa Busia aliyejua aifanyie nini. Mwalimu Ochwo alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka mingi ng'ambo, akichora saketi za chipu kwenye kampuni kubwa, na mmoja wa wenzake wa zamani alikuwa amempa kazi aifanyie huku huku. Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la mabati, mahali ambapo ukifungua dirisha unauona mwamba wa Tororo umesimama kama ulivyo siku zote, na usipolifunga vumbi linaingia mpaka ndani ya kibodi. Chumba cha mbele kilikuwa chetu: meza mbili, kompyuta mbili, betri za sola zilizopangwa chini ya dirisha na kufunikwa kitenge. Chumba cha ndani kilikuwa chake, kimetengwa na chetu kwa ukuta wa mbao uliopitisha kila sauti. Tulikuwa wawili tu tuliokuwa chini yake. Mimi nilifanya hesabu za saketi. Yusufu, ambaye watu wao ni wasafirishaji wa mizigo pale Busia na walimwona amepotea njia, alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi sote wa kuigeuza saketi kuwa mchoro halisi, ule unaopelekwa kiwandani. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Mwalimu alikuwa Mjapadhola, mimi Msamia, na Yusufu alisema kwao wametoka kila mahali.

Kazi yenyewe ilikuwa saketi ya kutuma data: kile kipande cha chipu kinachozichukua data zilizo bega kwa bega, kikazipanga msururu mmoja, kikazisukuma kwenye waya kwa kasi ya mabilioni ya alama kwa sekunde. Mwalimu alitufundisha kwamba kwa kasi ile waya si rafiki tena. Unatuma alama yenye kona kali, inafika upande wa pili imelegea na kumwagikia alama za jirani. Kwa hiyo mtumaji mzuri anaivuruga alama yake makusudi kabla haijaondoka, anaisukuma zaidi pale anapojua waya utailegeza, ili ifike ikisomeka. Ukitaka kujua kama umefaulu, unazilaza alama zote zilizofika moja juu ya nyingine kwenye skrini, na zikiwa nzuri, katikati panabaki uwazi wenye umbo la jicho. Jicho likiwa wazi, kazi ni nzima. Likifunga, upande wa pili hauoni kitu. Siku ya kwanza nilipoliona jicho langu mwenyewe likifunguka kwenye skrini, Mwalimu alitoka chumbani kwake, akaliangalia, akasema, "Sasa umeanza kula chumvi ya kazi hii," akarudi ndani.

Alikuwa na mtindo wake wa kufundisha, na mtindo huo ndio ulionichanganya baadaye. Alikuwa anatia makosa kwenye michoro yake kwa kusudi. Anakupa saketi, anasema ipitie, na mahali fulani ameweka transista kichwa chini au amefuta sifuri moja. Ukiikamata, anacheka mpaka anakohoa. Usipoikamata, anakuacha siku mbili tatu ukihangaika, kisha anakuja na kalamu anaizungushia duara. Miezi ya kwanza niliyakamata mengi, na nilijivuna. Lakini mvua za kwanza zilipokwisha nikaanza kuona makosa yameongezeka, halafu nikimwonyesha hacheki. Siku moja nilimpelekea mchoro ambao ameunganisha waya wa umeme moja kwa moja na ardhi, kosa ambalo hata fundi wa redio wa mtaani hafanyi. Aliutazama kwa muda, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Nani amechora hii?" Nikadhani ni sehemu ya mtihani. Nikasema, "Mwalimu, ni wewe." Akatabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kuja.

Nilimwambia Yusufu tukiwa tunanawa mikono kwa chakula cha mchana. "Wacha wasiwasi," akasema. "Mzee anakupima tu. Anaongeza ugumu." Chakula tulipikiwa na mwenye nyumba, mama wa Kiteso tuliyemwita Toto Amoding, yaani Mama Amoding kwa lugha yao. Alipika ugali wa wimbi na kunde zilizotiwa simsim ya kusaga, akatuangalia tunavyokula kama mtu anayekagua mifugo. "Nyinyi nakaa siku mzima naangalia kioo," alikuwa akituambia, "halafu nakula kama ndege. Hii kazi gani?" Siku moja Mwalimu alimaliza sahani yake, akatoka nje, akarudi baada ya kitambo, akanawa mikono tena, akaketi na kusubiri. Sote tulimwona. Toto Amoding alisimama na mwiko mkononi, akamtazama, kisha akampakulia sahani ya pili. Yusufu alinikanyaga mguu chini ya meza nisicheke. Sikuwa na nia ya kucheka. Nilimsikia Toto Amoding akisema na jirani nyuma ya jiko, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Ile mzee, kichwa yake natembea peke yake." Na bado nilijiambia kwamba pengine alikuwa na njaa.

Kuna jambo jingine nililolisikia. Asubuhi nilikuwa nawahi kufika, na kupitia ule ukuta wa mbao nilimsikia Mwalimu akinong'ona chumbani kwake. Nilidhani anasali, nikawa nafungua kompyuta kwa utulivu nisimkatize. Ilinichukua wiki kadhaa kuyapata maneno. "Nabwire, hatua ya mwisho ya saketi. Yusufu, uchoraji. Mwenye nyumba, Amoding. Leo ni Jumatano." Anarudia, kisha anarudia tena, halafu mlango unafunguka, anatoka amenyooka, shati limepigwa pasi, anasema, "Nabwire! Hatua ya mwisho imefika wapi?" kama mtu asiye na shaka duniani. Nilipoyaelewa maneno yale nilipaswa kuelewa na mengine. Sikuelewa. Au nilielewa asubuhi nikasahau mchana, kwa sababu mchana angeweza kusimama nyuma yangu na kuona tatizo ambalo nilikuwa nimelitafuta siku nzima, akaligusa kwa kidole. Mtu wa asubuhi na mtu wa mchana hawakutoshea katika mwili mmoja, nami nikashindwa kujua nimwamini yupi.

Hapo ndipo zilipoingia rezista. Rezista ni kijipande kinachoubana umeme usipite ovyo, na kipimo chake kinaitwa omu. Waya wetu ulikuwa wa omu hamsini, na pale saketi inapogusana na waya huwekwa rezista mbili, moja kushoto na moja kulia, kila moja ya omu hamsini pia. Rezista zikitofautiana na waya, sehemu ya alama inagonga na kurudi nyuma, inagongana na zile zinazokuja, na jicho linaanza kufumba. Hili ni somo la kwanza, kila mwanafunzi analijua. Na Mwalimu, kwenye mchoro wake wa mwisho, wa kupelekwa kiwandani, alikuwa ameandika hamsini na tano. Nilizifanyia hesabu usiku na mchana, kompyuta ikasema kila mara: hamsini ni bora. Nikaenda chumbani kwake.

"Mwalimu, hii hamsini na tano ni ya kunipima?"

"Hapana. Iache."

"Lakini waya ni hamsini."

"Najua waya ni hamsini. Iache."

"Kwa nini?"

Alifungua mdomo kujibu. Naikumbuka sura yake kuliko chochote kingine cha mwaka ule: mtu aliyenyoosha mkono kuchukua kitu rafuni pake pa siku zote, akakuta hakipo. Nje mtu alikuwa anapakua mabati, yanalia. "Kuna sababu," akasema hatimaye. "Itanijia." Kesho yake nikamuuliza tena, na keshokutwa. Kila mara alisema vivyo hivyo, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. "Kuna sababu, Nabwire. Itanijia."

Kiwanda kilipokea michoro kwa tarehe yake. Ukiikosa unasubiri miezi mingi, na kampuni ilishasema haitasubiri. Wiki ya mwisho watu waliokuwa wanachimba mitaro kando ya barabara walikata waya wa intaneti ya Tororo. Kwa hiyo Ijumaa mimi na Yusufu tukaichukua kazi yote kwenye kompyuta ya mkononi tukaenda Busia, tukavuka upande wa Kenya, kwa ami yake ambaye alikuwa wakala wa forodha na ofisi yake ilikuwa na intaneti nzuri. Mwalimu alibaki. Alitusindikiza mpaka mlangoni, akampa Yusufu mkono, akanipa mimi mkono, akasema, "Msiguse kitu. Tumeni kama ilivyo." Kule ofisini walitupa kona ya meza. Makarani walikuwa wanabishana kuhusu lori la vitunguu lililozuiwa kwa sababu ya muhuri, mmoja akisema, "Buda, hiyo paper imekaa vibaya," mwingine akisema vitunguu vitaoza kabla muhuri haujapatikana, na feni ilikuwa inazunguka juu yetu bila kuleta upepo. Muda wa swala ya Ijumaa ulipofika, Yusufu alisimama, akasema, "Nikirudi tunatuma," akaenda msikitini na ami yake.

Nikabaki peke yangu na mchoro. Yusufu alikuwa na desturi nzuri: kila rezista aliichora kwa vipande vidogo vingi, ili ikihitajika kubadilishwa usirudie mchoro wote, unaunganisha au unakata ukanda mmoja tu wa chuma. Nilikaa nikiutazama ule ukanda. Niliwaza juu ya transista zilizo kichwa chini, juu ya sahani ya pili, juu ya majina yanayonong'onwa asubuhi. Nikajiambia kwamba mtu mgonjwa amekosea na hakuna wa kumsaidia ila mimi. Na nikiwa mkweli, chini ya hilo kulikuwa na jambo jingine: nilitaka kuwa nimeikamata. Nilitaka kulikamata kosa kubwa kuliko yote, acheke mpaka akohoe. Nikahamisha ukanda upande wa kushoto, nikahamisha na wa kulia. Nikabadilisha namba kwenye saketi. Nikaendesha ukaguzi, ukapita bila kasoro. Yusufu aliporudi aliniuliza kama kila kitu kiko sawa, nikasema kiko sawa, tukatuma. Tukala samaki wa kukaanga upande wa pili wa barabara, na mimi nilikula kama mtu aliyeshinda.

Miezi ya kungoja ilikuwa mizito. Mwalimu alikonda. Alianza kuniita kwa jina la dada yake, kisha anajisahihisha. Mara nyingi nilifika mlangoni pake na maneno yote mdomoni, na kila mara alikuwa ama hodari kupita kiasi hata nikaogopa, ama dhaifu kupita kiasi hata nikamwonea huruma. Mwisho wa mwaka majibu yakaja kutoka maabara ya kampuni. Yusufu alizifungua picha kwenye kompyuta yake, sote watatu tukasimama. Kwa waya mfupi jicho lilikuwa wazi, zuri kama la kitabuni. Kwa waya mrefu, ambao ndio uliokuwa kazi yenyewe, jicho lilikuwa limefumba. Kulikuwa na barua, na Mwalimu akaniambia nisome kwa sauti. Mhandisi wao aliandika kwamba wamezipima rezista za mwisho na kuzikuta ziko chini sana ya hamsini. Kwamba kiwanda kile rezista zake hutoka pungufu kuliko hesabu za kompyuta zinavyosema, jambo linalojulikana tu na waliowahi kuchora kwa kiwanda hicho. Na kwamba walishangaa, maana walitarajia mtu mwenye uzoefu wa Mwalimu azichore kubwa kidogo.

Mwalimu alipiga makofi mara moja. Uso wake ulifunguka wote. "Hiyo!" akasema. "Hiyo ndiyo sababu! Nabwire, nilikuambia itanijia! Zinatoka pungufu!" Alikuwa na furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Nilibaki nimeshika ile karatasi. Kisha furaha ikapungua polepole. Akamwambia Yusufu amwonyeshe mchoro uliotumwa. Akainama. Akaiona hamsini ya kushoto, akaiona hamsini ya kulia. Akasimama wima, akanitazama, na macho yake hayakuwa ya mtu wa asubuhi wala wa mchana, sikuyajua. "Nilijua," akasema, "halafu nikaandika hamsini." Yusufu alikuwa amegeukia dirishani. "Kaa chini, Nabwire. Andika barua."

Nikaandika, yeye akitamka na mimi nikipiga chapa. Aliwaambia kwamba mchoro wa rezista ulikuwa wa mkono wake, kwamba wasaidizi wake wawili walifanya kazi safi, na kwamba yeyote atakayewahitaji awachukue bila wasiwasi. Alipofika kwenye maneno "kosa ni langu" vidole vyangu vilisimama. Nikasema, "Mwalimu, una hakika?" Ndiyo nafasi niliyojipa, swali la maneno mawili. Akasema, "Andika." Nikaandika. Akaniambia nimsomee tena yote, akanisahihisha herufi moja mahali fulani, kisha akasema, "Sasa weka jina langu," nikaliweka.

Kampuni haikuleta kazi tena. Vyumba vikarudishwa kwa Toto Amoding, Mwalimu akaenda kwao Merikit, na ile barua ikanifungulia mlango wa kwanza, na mlango wa kwanza ukafungua mingine yote. Sikuenda kumwona. Nilikuwa nikisema nitakwenda Krismasi, kisha nasema Pasaka, na miaka ikawa inapita. Je, aliamini kweli kwamba aliandika hamsini? Au alijua kila kitu tangu alipoinama pale, akachagua kunibeba? Kuna siku naamini hili, kuna siku naamini lile, na sijui lipi linaniumiza zaidi.

Asubuhi ya mazishi nilikutana na Yusufu Tororo, tukapanda gari lake. Nilimweleza yote kabla hatujaiacha lami. "Nilijua," akasema. "Mimi ndiye niliyechora hamsini na tano, Nabwire. Siku ile Mwalimu aliponiambia nimwonyeshe mchoro, nikaona ukanda umehama."

"Mbona hukusema?"

"Kwanza nilidhani Mwalimu amekuagiza. Halafu nikadhani mmekubaliana. Halafu nikaona kila mtu amenyamaza." Akapunguza mwendo kuwapisha ng'ombe. "Utasema leo?"

"Nitasema leo."

Uwanja wa nyumba ulijaa. Katekista wa pale alikuwa ameshika kipaza sauti kimoja na mgeni kingine, akigeuza kila neno la wageni kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, ili wazee na kina mama wafuate. Mjane, Mama Awino, alikaa mbele kwenye mkeka na dada zake. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikasema kwa Kiswahili, bila karatasi: "Mwalimu aliandika hamsini na tano. Mimi nikaibadilisha ikawa hamsini, bila kumwambia. Kazi ikaharibika, lawama akaibeba yeye, na mimi nikanyamaza mpaka leo. Kosa lilikuwa langu."

Katekista alinitazama. Akateremsha kipaza sauti. "Hamsini na tano nini, dada?"

"Omu," nikasema.

Akafikiri kidogo, kama mtu mwenye nia njema na watu wengi wanaomngoja, kisha akanyanyua kipaza sauti na kuwageukia watu. Kidhopadhola nilichoshika mwaka ule pale Tororo kilinitosha kumfuata. Alisema kwamba mgeni huyu anasema Mwalimu alimwandikia mara hamsini na tano kumwita na hakuja, na leo anaungama mbele yenu kwamba kosa ni lake.

Watu wakaguna kwa huruma, uwanja mzima. Nilifungua mdomo kumsahihisha, na hapo nikamwona Mama Awino anainuka kwenye mkeka, anashikwa mkono na dada zake, anakuja kwangu moja kwa moja mbele ya watu wote. Akanishika mikono yote miwili. "Umekuja," akaniambia kwa Kiswahili. "Imeisha, mwanangu. Kaa na sisi."

Nikakaa nao pale mkekani, nimesamehewa kosa ambalo sikulitaja, na ambalo nalo nililifanya.